Historia ya Ramen: Kutoka Bandari ya Yokohama hadi Mashine ya Tiketi

Ukimwomba Mjapani wa leo akutajie vyakula vinavyoitambulisha nchi yake, ramen haitakosekana. Ni bakuli la tambi za ngano ndani ya supu ya moto, juu yake vipande vya nyama ya nguruwe, majani ya kitunguu na pengine yai. Hata hivyo, bakuli hilo lilitengenezwa na watu waliotoka nje kwa ngano ambayo kwa sehemu kubwa ilitoka nje, na majina yake yanalisimulia jambo hilo vizuri kuliko supu yenyewe. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza katika insha hii. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Uganda. Nilikaa muhula mmoja Osaka, mji wenye chuo kikuu kinachofundisha lugha yetu, na kwa kuwa fedha zangu zilikuwa za kuhesabu, nilikula mara nyingi katika mkahawa mmoja wa bei nafuu karibu na kituo cha treni.

Mkahawa huo hauna mhudumu. Mlangoni imesimama mashine kubwa kama kabati, imejaa vitufe, na kila kitufe kina jina la chakula na bei yake. Unatanguliza fedha, vitufe vya vyakula unavyoweza kuvimudu vinawaka taa. Unabonyeza, kikaratasi kinadondoka chini pamoja na chenji. Unampa mpishi kikaratasi hicho kwenye kaunta, basi, umeagiza. Maji unajimiminia mwenyewe kutoka kwenye jagi, vijiti unachomoa kwenye kopo, na ukimaliza unainua bakuli na kuliweka juu ya kaunta, kisha unapangusa mahali ulipokula kwa kitambaa kilichopo. Hakuna kupiga soga, maana nyuma yako watu wamesimama wakisubiri kiti. Siku moja nilitazama saa: tangu kubonyeza hadi kutoka zilipita dakika 18.

Kwetu Kampala mama anayeuza chakula kibandani atakuuliza habari za nyumbani kabla hajakupakulia, kwa hiyo utaratibu huu unaweza kuonekana mkavu. Lakini tazama jikoni. Watu wawili tu wanaendesha mkahawa wa viti 12. Mpishi hashiki fedha, hahesabu chenji, wala hajiulizi nani hajalipa. Ndiyo maana chuka soba, bakuli la bei ya chini kabisa, liliuzwa kwa yeni 680. Na kwa mgeni asiyejua Kijapani, mashine isiyomcheka mtu ni rehema.

Aliyenipeleka pale mara ya kwanza ni Mjapani anayesoma Kiswahili, ambaye huniita dada kama alivyofundishwa. Akaniambia, "Dada, usipoweza kusoma, bonyeza cha juu kabisa kushoto. Hapo huwekwa chakula ambacho mkahawa unajivunia." Nikabonyeza. Kitufe hicho hakikuandikwa ramen. Kiliandikwa chuka soba, yaani tambi za Kichina. Nikamwuliza sababu. "Ni jina la zamani tu," akajibu. "Ramen ni ya kwetu, dada." Sikumbishia, maana hata mimi ningesema hivyo hivyo kuhusu chapati. Lakini nilikwenda maktaba.

Bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa biashara ya kigeni mwaka 1859. Wachina walikuja pamoja na wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani, wakawa madalali, mafundi na wapishi, na mtaa wao upo mpaka leo. Tambi walizouza Wajapani waliziita Nankin soba, kwa jina la mji wa Nanjing. Baadaye zikaitwa Shina soba. Mwaka 1910 Ozaki Kan'ichi, Mjapani aliyewahi kufanya kazi katika forodha ya Yokohama, alifungua mkahawa ulioitwa Rairaiken katika mtaa wa Asakusa, Tokyo, akawaleta wapishi wa Kichina kutoka Yokohama. Wanahistoria wengi huutaja kama mwanzo wa ramen tunayoijua. Jina la mwenye mkahawa nimelikuta katika kila maandishi niliyosoma. Majina ya wapishi sikuyakuta.

Neno Shina, jina la China lililotumiwa na Wajapani wakati huo, lilikuja kubeba dharau ya miaka ya uvamizi, hasa baada ya vita vya 1937. Japani iliposhindwa mwaka 1945, neno hilo liliachwa katika matumizi rasmi. Shina soba ikageuka chuka soba. Supu ilikuwa ile ile, ila aibu ilikuwa imelifikia jina.

Baada ya vita hivyo ndipo ngano ilipoingia kwa wingi, na hapa nakaa kidogo. Kabla ya 1945 Japani ilikuwa ikipata mchele mwingi kutoka makoloni yake ya Korea na Taiwan. Makoloni yalipotoka mikononi, mavuno ya mpunga ya mwaka huo huo yakawa mabaya mno, na mamilioni ya askari na raia walikuwa wakirudi nyumbani. Marekani, iliyoikalia nchi hadi 1952, ilileta unga wa ngano. Sehemu ya unga huo iliishia katika masoko ya magendo, ambako watu waliokosa kazi walikokota mikokoteni wakiuza tambi na maandazi ya kukaanga usiku. Wengine walikamatwa, kwa kuwa uuzaji huo ulikuwa umekatazwa. Baadaye msaada ukawa biashara: Marekani ilikuwa na ngano ya ziada ya kuuza, na kuanzia 1956 mabasi yenye jiko ndani, yaliyogharimiwa na fedha za Kimarekani, yalizunguka vijijini yakiwafundisha akina mama kupika vyakula vya ngano. Watoto shuleni walikula mkate. Kizazi kilichokulia kwenye mkate hakikuona ugeni katika bakuli la tambi.

Jina ramen nalo lilienea kwa mkono wa mtu aliyezaliwa nje ya visiwa vya Japani. Momofuku Ando alizaliwa Taiwan mwaka 1910, wakati kisiwa hicho kilipokuwa koloni la Japani, akahamia Osaka akiwa kijana. Mwenyewe alisimulia kwamba baada ya vita aliona watu wamepanga foleni kwenye baridi karibu na kituo cha Umeda, wakisubiri bakuli moja la tambi kibandani. Mwaka 1957 alifilisika. Mwaka uliofuata, akiwa katika kijumba nyuma ya nyumba yake mjini Ikeda, alifaulu kukausha tambi kwa kuzikaanga katika mafuta, akaziuza kwa jina la Chicken Ramen. Pakiti iliuzwa yeni 35, wakati tambi mbichi za udon zilikuwa kama yeni 6, kwa hiyo zilianza kama chakula cha anasa. Matangazo ya televisheni yakalipeleka neno ramen kila nyumba. Neno hilo huandikwa kwa herufi za katakana, ambazo Wajapani huziweka kwa maneno ya kigeni. Rafiki yangu anasema ni ya kwao, mwandiko unakumbuka vingine, na kwa maoni yangu wote wawili wana haki.

Sehemu kubwa ya ngano ya Japani bado hutoka nje, hasa Marekani, Kanada na Australia, na inapopanda bei, mkahawa wa watu wawili huumia. Wenye mikahawa huzungumzia "ukuta wa yeni 1,000": bakuli likivuka hapo, wateja hukasirika, kwani kwao ramen ni chakula cha mfanyakazi. Kisha Julai 2024 serikali ikatoa noti mpya, na mashine nyingi za zamani hazikuzitambua. Kununua mashine mpya ni mzigo kwa mkahawa mdogo. Pale nilipokuwa nikila walibandika karatasi juu ya mashine kuwaomba wenye noti mpya wabadilishiwe na mpishi, na bei ya chuka soba ikafunikwa kwa kibandiko: yeni 720.