Fildi ya mwanafunzi wa uandishi wa habari: nani anamsimamia, na nini kinahesabiwa

Vyuo vikuu vinapofunga katikati ya mwaka, wasikilizaji wetu wa Muleba na Bukoba huanza kutuuliza swali moja. Kijana wangu anasomea uandishi wa habari, ameambiwa aende fildi. Hiyo fildi ni kitu gani, na mbona anaomba nauli tena wakati chuo kimefungwa? Mzazi wa Buganguzi aliyekwisha kuuza kahawa yake kulipa ada ana haki ya kujibiwa vizuri.

Fildi ni jina la mazoea la mafunzo kwa vitendo. Ni sehemu ya masomo, si kibarua cha likizo. Mwanafunzi huenda kwenye chumba cha habari cha redio, gazeti au televisheni, akakaa kwa wiki kadhaa, mara nyingi nane hivi, akiandika chini ya mtu mwenye uzoefu. Mwisho hupewa alama. Pale ambapo fildi ni ya lazima, asiyeimaliza hahitimu, hata kama mitihani ameifaulu.

Wasimamizi wake ni wawili. Wa kwanza ni mhariri au mwandishi mzoefu wa kituo alichopokelewa. Huyu ndiye anayempa kazi, anasoma alichoandika na kusaini daftari lake la kazi za kila siku. Wa pili ni mwalimu wa chuo, anayefika kumkagua au kupiga simu, kisha kusoma ripoti yake ya mwisho. Kila chuo kina namna yake ya kugawa alama kati ya hao wawili na ripoti, kwa hiyo mwanafunzi asome mwongozo wa chuo chake kabla ya kufunga mzigo.

Kwa maoni yetu, fildi nzima ina thamani sawa na usimamizi wake. Mwanafunzi anaweza kumaliza wiki nane akiwa amefungua milango ya studio, amebeba vinasa sauti na kuchukua chai, daftari limesainiwa kila ukurasa, na hajaandika habari hata moja iliyorudishwa mikononi mwake na kuambiwa: hapa sijaelewa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi analeta habari fupi: wakulima wa Buganguzi wanalalamikia butura, ile biashara ya kuuza kahawa ikingali mtini kwa sababu shida haisubiri mavuno. Mhariri mwenye haraka ataiandika upya mwenyewe, isomwe saa saba, yaishe. Msimamizi wa kweli ataanza kuuliza. Wakulima wangapi? Umezungumza na nani? Umeandika "Ta" na jina moja tu. Kumwita mzee hivyo ni heshima njema ya Kihaya, lakini jina lake kamili ni nani? Alipokea shilingi ngapi, kwa kahawa kiasi gani, na msimu huo chama cha msingi kililipa ngapi kwa kilo? Mnunuzi anasemaje?

Halafu linakuja swali zito kuliko yote. Serikali imepiga marufuku butura. Je, huyo mzee anajua kwamba jina lake litasomwa redioni, na majirani, mnunuzi na viongozi watalisikia? Mwanafunzi inabidi apande bodaboda arudi kumuuliza. Huenda mzee akasema habari itoke ila jina lake lifichwe. Basi habari inaandikwa mara ya tatu, safari hii ikiwa na bei, upande wa mnunuzi na sauti ya chama, na mzee hakuumizwa. Somo hilo darasani hulisikii kwa uzito huo, kwa sababu darasani hakuna mzee atakayekutana nawe kesho sokoni.

Tukiri na letu: tumewahi kupokea wanafunzi wengi kuliko waliokuwepo wa kuwasomea kazi zao. Waliondoka na saini. Sasa tunapokea wachache.

Baadhi ya vyuo humpa mwanafunzi mazoezi kabla hajatoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani Redio, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, kina redio yake pia. Kwa mtoto wa Muleba, kufanyia fildi Kagera kuna faida mbili: halipi pango mjini, na anaweza kuwahoji wazee kwa Kihaya bila mkalimani. Vituo vipo, kama Kasibante mjini Bukoba, Fadeco kule Karagwe na Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanza mwaka 1995 wakati wa wakimbizi. Barua ya kuomba nafasi itumwe miezi kadhaa mapema, ikifuatiwa na barua ya utambulisho ya chuo.

Kuhusu fedha, vituo vingi havimlipi mwanafunzi wa fildi. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu aangalie kama amepangiwa fungu la mafunzo kwa vitendo. Miongozo ya miaka ya karibuni imetaja shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56 kwa mwaka. Mzazi, usikope kabla hujauliza hilo.

Jambo la sheria nalo lisisahaulike. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake za mwaka 2017 zikaweka stashahada kuwa elimu ya chini. Mwanafunzi bado hajafika hapo. Asijitambulishe kijijini kama mwandishi kamili. Aonyeshe barua, ataje kituo na msimamizi wake.

Daftari lisainiwe kila wiki, maana siku ya mwisho msimamizi anaweza kuwa safarini. Na kila habari ihifadhiwe nakala mbili: ile ya kwanza yenye masahihisho ya mhariri, na ile iliyotangazwa. Sauti iombwe siku hiyohiyo, iingie kwenye simu, kwa sababu kompyuta za studio zikijaa, vya zamani hufutwa.