Mwana wa Mwenye Mtambo

Katika ujana wangu, kabla sijarudi Lupepo kulima chai, nilikuwa mpanga herufi za risasi mjini. Ada ya chama ilikatwa kwenye mshahara. Sikuuliza ilikwenda wapi. Baadaye ndipo niliposoma habari za Makhan Singh wa Nairobi. Baba yake alikuwa na mtambo wa kuchapia, naye alifanya kazi hapo; angeweza kutulia. Lakini mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kisichobagua rangi. Mgomo wa 1937 ulidumu karibu miezi 2, mishahara ikapanda. Wakoloni walimkamata mwaka 1950. Alitoka kizuizini 1961. Miaka 11! Nami, ndugu msomaji, chama nilikiona makato tu.