Vuta Pua Chini

Mjomba wangu ni nahodha mstaafu na mambo ya simu hayamshughulishi. Lakini jioni moja pale gatini Shimoni, maghribi ikikaribia, nilimwonyesha video moja akaishika kwa mikono miwili. Gari la kupanda miamba, huko Marekani, limesimama chini ya ukuta wa jiwe. Dereva anabonyeza swichi, winchi ndogo inalia, na pua ya gari inashuka yenyewe mpaka gari linakaa kama paka anayetaka kuruka. Kisha linapanda polepole bila kuinua uso.

"Ah," akasema mjomba. "Hawa wamejua kukaa."

Nikamwambia hiyo ni teknolojia mpya. Akanirudishia simu. "Mpya kwa nani, mwanangu?"

Tuanze na gari lenyewe. Wengi wetu tukisikia winchi tunafikiria ule waya wa mbele unaofungwa kwenye mti ili gari lijitoe matopeni. Hii ni nyingine. Waya wake hautoki nje ya gari hata kidogo. Winchi imefungwa kwenye chesisi, na mwisho wa waya umefungwa kwenye ekseli ya mbele. Ukivuta, mwili wa gari unasogezwa karibu na ekseli na springi zinabanwa. Basi.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu kwenye mwinuko gari hulalia nyuma. Springi za nyuma zinabanwa, za mbele zinapunguziwa mzigo, na springi ikipunguziwa mzigo hutanuka. Yani inausukuma mwili wa gari juu wakati ule ule ambao ungetaka uwe chini. Sasa chora akilini mstari kutoka kitovu cha uzito wa gari kwenda chini wima. Mstari ukiangukia kati ya tairi za mbele na za nyuma, mko salama. Ukipita nyuma ya pale tairi za nyuma zinapokanyaga, gari linaangukia mgongo. Na kadiri uzito unavyokaa juu, ndivyo mstari huo unavyokimbilia nyuma haraka.

Winchi ile haiongezi uzito wowote, maana gari linajivuta lenyewe. Kazi yake ni kuzuia mwili usiinuke, basi. Na ina bei yake: springi iliyobanwa haina nafasi ya kucheza, kwa hivyo ukifika tambarare lazima ulegeze, la sivyo kila shimo utalisikia mgongoni.

Mimi mstari huo naujua. Miaka kadhaa iliyopita tulikodi Land Rover kuukuu kupeleka saruji na mabati kwa shangazi, kwenye vilima vya upande wa Kwale. Mvua ilikuwa imenyesha. Saruji tuliipanga nyuma kabisa, karibu na mlango, ili tukifika tushushe upesi. Kwenye mwinuko wa mwisho pua ikaanza kuinuka. Dereva, badala ya kuachia, akakanyaga mafuta. Pale nilipokuwa naona barabara nikaanza kuona mbingu. Hatukupinduka mgongo, wallahi sijui kwa nini. Gari lilirudi kinyumenyume, likagonga ukingo, likalala ubavu.

Binamu yangu alikuwa amekaa nyuma juu ya saruji. Alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Alikuwa mvuvi wa kupiga mbizi. Sasa anashona nyavu za wenzake.

Mjomba alipokuja hospitalini kumwona mwanawe, hakuuliza dereva alikuwa nani wala gari lilikuwa la nani. Alinigeukia mimi akauliza, "Farumi mliiweka wapi?"

Nilidhani mshtuko umemchanganya. Sisi tunazungumza gari, yeye anazungumza chombo. Farumi ni ule uzito unaowekwa ndani ya chombo cha baharini ili kisiyumbe: mawe, mchanga, au shehena yenyewe ikipangwa vizuri. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba lile lilikuwa swali sahihi kuliko yote tuliyoulizwa siku ile.

Mgeni akija Shimoni huonyeshwa mapango, na kuambiwa habari za watumwa. Huonyeshwa pia magofu ya enzi za Imperial British East Africa Company, ile kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuweka kituo hapa kwetu. Hakuna anayeonyeshwa kamba. Na mji huu, kama miji yote ya pwani kutoka Vanga mpaka Lamu, uliishi kwa kamba. Henza ilipandisha foromali na tanga, kupitia kapi, ili watu wachache wainue mzigo ambao kwa mikono mitupu wasingeuweza. Na pale pa kuvuta kizito zaidi palikuwa na duara, gogo linalozungushwa na kamba ikijikunja juu yake. Hiyo ndiyo winchi, kabla ya umeme.

Lakini baharini kuvuta peke yake hakutoshi, kuna na kukaa. Upepo ukizidi, mabaharia huhamia upande wa joshi, unakotoka upepo, na mifuko ya mchanga huhamishwa pamoja nao. Kwenye ngalawa utamwona mtu ametoka mpaka kwenye mbao za pembeni, amekaa juu ya maji, ili chombo kisilale. Kumbe hesabu ni ile ile ya mstari wima.

Hesabu hiyo ilipanda bara pia. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, kisha ikakutana na ukingo wa Bonde la Ufa. Njia ya kudumu ya kuteremka ilikuwa bado haijakamilika, kwa hivyo wahandisi wakatandika reli za muda moja kwa moja kwenye mteremko na kutumia kamba za chuma. Behewa lilipakiwa juu ya kigari maalumu, kirefu upande wa chini na kifupi upande wa juu, ili lishuke likiwa limelala sawasawa kama liko stesheni. Na uzito wa linaloshuka ukasaidia kuvuta linalopanda. Kwa njia hiyo vifaa vya ujenzi viliteremshwa bondeni, na mwaka 1901 reli ikafika ziwani.

Land Rover ilipotoka Uingereza mwaka 1948, mnunuzi aliweza kuagiza iwe na winchi mbele, gogo la chuma lililosimama wima na kuzungushwa na injini. Mtu wa bandarini angeliona angelitambua mara moja: duara, limefungwa kwenye bampa. Mwaka 1959 kampuni ya Warn ya Marekani ikaanza kuuza winchi ya umeme kwa madereva wa kawaida. Baadaye washindani wa miamba wakageuza wazo: badala ya kuvuta gari kwenda juu, wakavuta pua yake kwenda chini.

Hapa Kenya mahali pa kuona mambo haya ni Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangisha pesa za uzio wa msitu wa Aberdare, kuwalinda faru na kuzuia wanyama wasiingie mashambani. Uzio ulikamilika mwaka 2009, karibu kilomita 400. Mshindi si mwenye mbio. Una saa 10 kufikia vituo 13, na anayeshinda ni aliyevifikia kwa umbali mfupi zaidi, hata kama njia hiyo fupi inapita kwenye korongo. Gari linapoanza kulala upande, wenzake dereva huning'inia ubavu wa juu, miili nje, kulirudisha chini. Nilipomwonyesha mjomba picha hizo hakusema kitu. Alicheka tu. Alikuwa anaangalia mabaharia.

Kinachoniuma ni hiki. Siku ile ya saruji sikuhitaji winchi ya Marekani. Nilikuwa na mtu nyumbani aliyepanga shehena miaka 40, na sikumuuliza kwa sababu nilidhani elimu yake inaishia pale maji yanapoishia. Tunajua kusema aliye juu mngoje chini. Hatukumngoja, tulimpakia saruji nyuma.

Mwezi uliopita shangazi alihitaji mzigo mwingine, mchanga na matofali. Gari lingine, dereva mwingine, kilima kile kile. Safari hii nilimfuata mjomba asubuhi, nikamwamkia, nikamwomba aje. Alikuja na binamu yangu na mkongojo wake. Alizunguka gari mara moja, akachungulia springi, akagonga mbao za nyuma kwa kiganja.

"Shusheni yote," akasema. "Tuanze upya."

Dereva alininong'oneza kwamba mzee anatuchelewesha. Binamu yangu akamsikia. Akaegemeza mkongojo kwenye tairi, akashika tofali la kwanza, akampa. Tukapanga upya: vizito chini na mbele, karibu na kiti cha dereva, vyepesi nyuma, na nyuma hakukaa mtu. Ilituchukua saa nzima. Kilima tulikipanda kwa gia ya kwanza, na njia nzima sikuona mbingu.