Feni Ndogo na Sauti ya Manju

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyekuwa na makazi yake Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika na gari la kurekodia akikusanya nyimbo za makabila. Umeme wa mitambo yake ulitoka kwenye jenereta, na jenereta ilibidi iwekwe mbali na waimbaji, nyaya zikitandazwa chini, la sivyo santuri ingetoka na mngurumo ndani yake. Mimi ni fundi kompyuta hapa Nkoma, wilaya ya Itilima, kazi yangu ni kunyamazisha feni za kadi za grafiki, na nikiulizwa kazi hiyo ilianza lini, huwa naitaja ile jenereta. Wanaonipa ugali si wacheza gemu. Ni waimbaji na vijana wanaowarekodi.

Usukumani ngoma ni ushindani. Vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, vinapambana tangu enzi za mababu, mavuno yakishaingia ghalani, kila manju akitunga maneno ya kuwavuta watu waache upande wa pili. Zamani aliyetaka sauti yake ibaki alikuwa na njia chache: asafiri hadi studio ya Radio Tanzania, Dar es Salaam, au aimbe mbele ya redio kaseti ya betri chini ya mwembe. Ile kaseti ilinakiliwa, ikanakiliwa tena, mpaka sauti ikawa inatoka kama imefungiwa debeni. Hakuna aliyelalamika. Tulijua ndivyo kaseti zilivyo.

Kompyuta zilichelewa kwetu, na si kwa sababu ya umbali tu. Ya kwanza nchini, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa kuweka hesabu za serikali kwa mashine ulipokwama, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mlango haukufunguka vizuri hadi miaka ya 1990. Sisi wa Nkoma, tuliokuwa bado Bariadi, mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu na Itilima zilizaliwa 2012, tulizipata zikiwa mtumba: mashine za mezani zilizochoka ofisini Ulaya, zikapitia Kariakoo, zikapanda basi hadi huku. Kabla nguzo za umeme za REA hazijafika tuliziwasha kwa jenereta ndogo za petroli. Jenereta inanguruma nje, kompyuta inavuma ndani.

Huko zilikotoka, kelele ilikuwa imeshaanza kuwaudhi wenyewe. Kadi nyingi za zamani za grafiki zilipoa kwa hewa ya kawaida tu. Mwaka 1999 GeForce 256 ya NVIDIA ilikuja na kifeni kidogo mgongoni, na kuanzia hapo kadi za daraja la juu zilizidi kula umeme na kupuliza. Mwaka 2003 GeForce FX 5800 Ultra ilivuma kiasi kwamba NVIDIA wenyewe walitengeneza video ya kuitania. Kukawa na soko la kimya: Zalman wa Korea Kusini wakauza mapezi makubwa ya kupoza bila feni, Arctic wa Uswisi wakauza vipozeo vya feni pana, na mwaka 2005 wakaingia Noctua wa Austria. Tanzania tulipokea kelele kwanza. Dawa ilikaa nyuma sana, na hadi leo bei yake inazidi bei ya kompyuta nyingi ninazozitengeneza.

Mtu atauliza studio ya nyimbo inataka kadi ya grafiki ya nini. Inaitaka kwa sababu ya video. Nyimbo zilipoanza kuuzwa kwenye VCD, halafu DVD, halafu memori kadi za simu, mteja hakutaka tena kusikia tu. Alitaka kumwona manju na wachezaji wake. Mashine ileile inayohariri picha usiku ndiyo inayorekodi sauti mchana, ndani ya chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani na godoro mlangoni. Hakuna kiyoyozi. Dirisha limezibwa. Feni inahisi joto, inaongeza mwendo, na maikrofoni haibagui.

Manju mmoja mtu mzima, baada ya kusikilizishwa wimbo wake, aliniambia: "Ng'wanone (mwanangu), huyu anayepuliza pua nyuma yangu umemleta wewe?"

Hapo ndipo ufundi wetu ulipoanzia. Ukifungua kadi iliyopitia msimu wa pamba, kati ya mapezi ya bati unakuta nyuzi nyeupe na vumbi la barabara vimeshikana tabaka nene, hewa haipiti. Wengi walikuwa wakipiga bloa, wakibandua stika ya feni na kudondoshea mafuta ya cherehani kwenye bushi. Inatulia. Mwezi unapita, vumbi linakunywa mafuta, inaanza upya. Mimi tiba hiyo naiita kuahirisha.

Njia iliyodumu ni kung'oa kifeni chenyewe pamoja na ganda lake la plastiki, kusafisha mapezi, kubadilisha pesti iliyokauka juu ya chipu, kisha kufunga chini yake feni pana ya milimita 120 kutoka kwenye kasha la kompyuta iliyokufa. Naikaza kwa vifungo vya plastiki vya nyaya. Umeme wake nauchukua kwenye pawa saplai kwa ujanja wa mafundi wa kila mahali: waya mmoja kwenye njano ya volti 12, mwingine kwenye nyekundu ya volti 5, feni inapata 7 na kuzunguka polepole. Siri iko kwenye mwendo. Kelele ya feni hupanda haraka kuliko upepo wake. Ukipunguza mzunguko kwa nusu, upepo unapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15. Feni pana inaweza kwenda taratibu na bado ikapitisha hewa ya kutosha.

Kuna wanaosema ondoa feni kabisa. Kadi kama GT 1030 ya mwaka 2017, inayokula wati 30, zipo zisizo na feni na zinafaa kazi ndogo. Ila ndani ya chumba kilichozibwa mwezi wa kumi, mbele ya wachezaji wanaotoka jasho, mapezi matupu hayana hewa ya kuyapoza. Mimi sizikatai, ila siziweki.

Sasa wanakuja vijana na kadi mpya ambazo feni husimama zenyewe zikiwa baridi. Walidhani shida imekwisha. Kumbe ubeti wa kwanza unarekodiwa kimya, joto linapanda, na katikati ya ubeti wa pili feni inaamka ghafla. Mvumo wa mfululizo programu inaweza kuusafisha. Unaokuja na kuondoka unaacha kovu kwenye sauti. Hao nawawekea programu ya kuilazimisha feni izunguke polepole muda wote, na ndio wateja wangu wagumu kuliko wote, kwa sababu wanataka kujua kwa nini wanilipe ili feni iliyonyamaza ianze kuzunguka.