Thika ya Wenyeji

Asiyekulia Thika hulitamka jina la mji huo wa Kenya kwa th ya thelathini. Wakikuyu wenyewe huanza na sauti ya dh, ile ya dhahabu, kwa sababu katika maandishi yao th husomwa hivyo. Kaunti ya Kirinyaga nayo huiandika Kĩrĩnyaga. Ĩ hiyo yenye alama hukaribia e, kwani Kikuyu kina irabu 7, Kiswahili 5. Jina la mji wa Machakos limepotoka zaidi: ni la Masaku, kiongozi wa Wakamba, lililoharibikia vinywani mwa Waingereza. Wakamba bado husema Masaku. Lafudhi ya mtu si kosa, wala hastahili kuchekwa kwayo. Ila mtangazaji wa habari, kabla ya kuutaja mji wa watu, awaulize wenyewe wanauitaje.