Kinanda cha mdomo: matundu mengi si noti nyingi

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani Magongo baada ya Isha, mfukoni ana kinanda cha mdomo kipya. Wengine hukiita hamonika. Alikinunua kwa pesa za kibarua cha yadi ya makontena. Kina safu mbili za matundu, 24 juu na 24 chini, na kinang'aa kama sinia ya harusi. Alitaka kumpigia bibi yake, yaani mama yangu, wimbo wa zamani wa taarabu.

Alianza vizuri. Mama akafumba macho, akaimba naye. Lakini kila walipofika pahali fulani, noti moja ilitoka kombo na mama akanyamaza. Wakarudia mara tatu, na mara zote mama akanyamaza papo hapo.

"Mjomba, matundu yote haya na wimbo wa Bibi hautoki," akaniambia tulipotoka barazani. "Kuna jamaa yuko Doha anaweza kuniletea cha matundu 14, cha Mjerumani. Nimtumie pesa?"

Nilimwambia angoje. Diploma yangu ni ya ufundi wa umeme, si ya muziki, lakini vinanda hivi nimevipuliza tangu ujanani na nimevifungua vingi kuvitengeneza. Majibu niliyompa ndiyo haya ninayowaandikia, kwa sababu vijana wengi wa mitaa yetu hudhani kinanda kikubwa ndicho kinachojua zaidi. Suala la hukumu ya ala za muziki nawaachia masheikh. Hapa nazungumzia chombo chenyewe.

Ukoo wake

Ndani ya kinanda cha mdomo mna ndimi nyembamba, mara nyingi za shaba. Pumzi ikipita, ulimi hutetema na kutoa sauti. Mbinu hii ni kongwe: Wachina wanayo katika ala yao iitwayo sheng, ambayo ni ya kale kuliko vinanda vyote vya Ulaya. Kule Ujerumani, Matthias Hohner alianza kutengeneza vinanda vya mdomo mjini Trossingen mwaka 1857, na mwaka 1896 ikatoka Marine Band, ambayo hadi leo inauzwa.

Kwetu pwani ukoo huu si mgeni. Kodiani ya taarabu ya Unguja hulia kwa ndimi kama hizi. Harimonia ya Kihindi iliyozoeleka katika taarabu ya Mombasa ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kule mfuko ndio unaosukuma hewa. Huku ni pafu lako. Na pafu lina uwezo ambao mfuko hauna, kama tutakavyoona.

Aina nne utakazokutana nazo

Ya kwanza ni ya kawaida, yenye matundu 10 na ndimi 20. Kila tundu lina noti mbili: moja ya kupuliza na moja ya kuvuta. Kinanda cha ufunguo wa C huanzia C ya kati na kupanda oktava tatu. Lakini oktava hizo hazikukamilika. Chini hakuna F wala A, na juu hakuna B. Mpangilio huu ulibuniwa ili mtu aweze kupuliza matundu kadhaa kwa pamoja na kupata sauti zinazopatana, kwa nyimbo za Ulaya.

Ya pili ni yenye matundu 14. Inayojulikana zaidi ni Marine Band 365 ya aina ya SBS, iliyopewa jina la mpigaji Steve Baker. Hii imeongezwa masafa upande wa chini: mpangilio wa matundu matatu ya kwanza unarudiwa oktava moja chini yake. Unapata mngurumo mzito na masafa ya zaidi ya oktava nne. Lakini sikiliza vizuri hapa. Kwa kuwa ni mpangilio ule ule uliorudiwa, na mapengo yake yamerudiwa. F na A iliyokosekana mara moja sasa inakosekana mara mbili.

Ya tatu ni yenye matundu 12 ya mpangilio wa solo, kama Marine Band Soloist. Hapa kila oktava imekamilika: ukipuliza unapata C, E, G, C, ukivuta unapata D, F, A, B. Hakuna pengo katika skeli ya C, kuanzia chini hadi juu. Angalia usichanganye: zipo nyingine za matundu 12 zenye mpangilio ule wa kawaida uliorefushwa tu. Idadi ya matundu haitoshi kukujulisha, uliza mpangilio.

Ya nne ni ile ya mpwa wangu, ya mtetemo, yenye safu mbili. Nyingi madukani hutoka China, kama Swan na Hero. Kila noti ina ndimi mbili, moja imepandishwa kidogo kuliko mwenziwe, na tofauti hiyo ndiyo inayoleta mawimbi matamu ya sauti. Kwa hiyo ndimi 48 zile si noti 48. Nusu yake ni pacha wa nusu ya pili.

Noti iliyomnyamazisha mama

Nilimwomba mama aimbe peke yake, nikafungua programu ya simu ya kupimia sauti. Wimbo ulianzia E iliyo juu kidogo ya C ya kati, ukaenda F, kisha G iliyopandishwa nusu hatua, kisha A. Hiyo ni maqamu ya Hijaz. Mtu wa pwani huitambua ladha yake hata kama hajui jina, na wasomaji wa Kurani nao huitaja maqamu hiyo kwa jina hilo hilo.

Kinanda cha C hakina ulimi wa G ya kupandishwa. Si cha matundu 10, si cha 14, si cha safu mbili. Ukiongeza oktava kumi, noti hiyo haitakuja kwa sababu haikuwekwa. Inabidi uitengeneze mwenyewe kwa kupinda sauti.

Kupinda ni hivi. Katika kinanda cha kawaida, ulimi wa kupuliza na wa kuvuta wanakaa chumba kimoja. Mdomo ukibadilisha umbo, ndimi hizo mbili hushirikiana, na noti ya juu huteremka kuelekea ile ya chini. Kanuni ni moja: unapinda ile iliyo juu, na unaweza kupita katika nafasi iliyo kati yao tu. Tundu lenye G ya kupuliza na A ya kuvuta lina nusu hatua moja katikati. Vuta A, iteremshe, na G ya kupandishwa hiyo hapo.

Katika kinanda cha mtetemo kila ulimi una chumba chake. Hauna mwenzake wa kushirikiana naye, kwa hiyo haupindiki kwa namna ya kutegemewa. Hapo ndipo mpwa wangu alipokwama, na hakuwa na kosa lolote.

Linganisha basi. Katika kinanda cha matundu 10, Hijaz ya E inapigika vizuri oktava ya katikati: E na F ziko tundu la 5, G ya kupandishwa na A ziko la 6. Lakini hiyo ni oktava moja juu ya sauti ya mama, na masikio ya mzee hayataki mbinja. Ukishuka chini kwenye sauti yake, F inatakiwa kupindwa tundu la 2, na zile mbili nyingine zinatakiwa kupindwa mara mbili na mara tatu tundu la 3. Mwanagenzi atahangaika mwaka mzima. Katika cha matundu 14 shida ni hiyo hiyo, pamoja na uzito wa ndimi ndefu zinazochelewa kuitika.

Katika cha solo cha matundu 12, F ipo tayari, A ipo tayari, kwenye sauti ile ile ya mama. Kinachobaki ni kupinda mara moja tu, tundu la 3. Nikamwambia: "Usitume pesa ya 14. Tafuta 12, na uhakikishe ni solo."

Ziko pia zilizotengenezwa na noti hiyo ndani yake. Lee Oskar wana aina iliyoandikwa Harmonic Minor. Ni nyepesi kwa Hijaz, ila utapoteza G ya kawaida, na nyimbo nyingine zitakukataa.

Nisiwapotoshe: cha matundu 14 kina kazi yake. Anayetaka kupiga peke yake, atoe mdundo mzito chini na wimbo juu, atakifurahia. Na solo ina gharama. Baadhi ya sauti za kupatana zinapotea, na sehemu za kupinda ni D na A tu. Tena matundu ya 4 na 5 yote ni C yakipulizwa, na pia ya 8 na 9. Mkono wa mgeni hupotea hapo kila siku.

Kupuliza

Anza na tundu moja. Kiingize kinanda ndani ya midomo, si kukibusu kwa nje, na mabega yalegee. Pumzi itoke tumboni na iwe ndogo. Wengi huharibu ndimi kwa kupuliza kama wanawasha mkaa. Noti za chini hasa hutaka upole, ukizilazimisha hunyamaza.

Kwa kupinda, vuta A polepole huku ulimi wa kinywani ukikaa kama unatamka "i". Bila kuongeza nguvu, uhamishe kama unatamka "u". Sauti itateremka. Ikikatika, umevuta kwa nguvu. Fanya hivyo dakika chache kila siku na simu ikikuonyesha umefika wapi. Faida ya kupinda ni kwamba unaweza kusimama popote kati ya noti mbili. Zile noti za katikati za maqamu kama Bayati na Rast, ambazo kodiani ya kawaida haina, pafu linaweza kuzikaribia pale ambapo tundu linaruhusu.

Chombo chenyewe na hewa yetu

Sisi tunaishi karibu na bahari, na unyevu wa Mombasa haumhurumii mtu. Vinanda vingi vya Marine Band vya zamani vina kiunzi cha mbao ya mpea kilichofungwa kwa misumari midogo. Mbao isiyopakwa dawa huvimba, meno yake hutokeza nje na kukata midomo. Kwa hapa kwetu afadhali plastiki, chuma, au mbao iliyozibwa vizuri, iliyofungwa kwa skrubu ili uweze kuifungua. Seydel wa Ujerumani hutengeneza vyenye ndimi za chuma kisichoshika kutu.

Dukani hutaruhusiwa kutia mdomo kila chombo, na ni haki yao. Uliza kama wana mfuko wa kujaribia. Kagua herufi ya ufunguo iliyopigwa kwenye kifuniko, na uone kama vifuniko vimekaa sawa. Ukishanunua, jaribu kila tundu kwa pumzi ndogo, kupuliza na kuvuta. Linalovuja hewa au kuchelewa kulia, lirudishe mapema.

Nyumbani, sukutua mdomo kabla ya kupiga. Mahamri na kahawa kwa halua ni raha, lakini sukari ikifika kwenye ulimi wa shaba, noti imekufa. Ukimaliza, geuza matundu chini ukipigepige kiganjani mate yatoke, kiache kikauke, ndipo ukifunge. Usikiache kwenye dashibodi ya matatu juani. Chenye mbao usikitie maji kabisa. Na usiazimane, hicho ni chombo cha kinywa kama mswaki.

Kabla ya kutuma pesa

Mambo matatu, basi. Kwanza, jua wimbo unaotaka kupiga na noti zake. Pili, jua sauti ya anayeimba iko juu au chini kiasi gani. Tatu, angalia noti hizo ziko wapi katika mpangilio wa kinanda unachouziwa, na ngapi utalazimika kuzipinda. Masafa marefu yatakufaa tu baada ya hayo.

Kinanda cha solo kimefika wiki hii. Jana jioni mpwa wangu alikaa miguuni pa bibi yake, akafika pahali pale, akaipinda A. Ikatoka, lakini juu kidogo. Mama hakunyamaza safari hii. Alimgusa bega, akasema, "Shusha kidogo, mjukuu wangu, bado hujafika," na akaendelea kuimba akimngoja.