Kinga ya mizigo: shene, pinyo na manivele zenye kupatana

Kolwezi na vijiji vya Lualaba, kinga ndiyo lori ya mwenye hana lori. Inabeba makala, unga na mifuko ya madini ya wachimbaji. Shene ikikatika na mzigo juu, faida ya siku imekwenda. Mara nyingi kila kipande ni kizuri, lakini havipatani.

Shene. Kutoka pini hadi pini, shene za baiskeli ni milimeta 12.7. Tofauti iko kwa upana wa ndani: kinga ya mwendo mmoja kawaida inataka milimeta 3.2, ya vitesi 2.4 ama chini yake. Shene nyembamba haikai juu ya meno manene, inapanda, inaruka.

Shene ya zamani. Hesabu hatua 24 za pini, pima. Shene mpya inatoa milimeta 304.8. Ikifika 307, badilisha. Ikipita 308, kwa kawaida pinyo nayo imelika, na shene mpya itaruka juu yake.

Meno. Mbele 44 na nyuma 18, mzunguko mmoja wa pedali unazungusha gurudumu mara 2.4 hivi. Nyuma ikiwa 22, ni mara 2: mwendo unapungua, lakini mlima na mzigo vinakuwa vyepesi. Meno 4 zaidi yanaomba kuongeza shene hatua 2 hivi.

Manivele. Ya klavete haiingii kwa ekseli ya pembe nne. Klavete zenyewe ziko za milimeta 9 na za 9.5, ndogo italegea na kula ekseli. Pedali ya kushoto inakazwa kwa kuzungusha kinyume.

Vikombe vya ekseli. Hapa ndipo hasara kubwa. Kikombe cha kipimo cha Kiingereza ni milimeta 34.8, cha Kifaransa cha zamani ni 35. Macho hayaoni tofauti hiyo. Ukilazimisha kwa nguvu, nyuzi za vise ndani ya fremu zinakatika, na fremu ni bei kuliko vipande vyote hivi. Cha Kiingereza, upande wa kulia kinakazwa kuelekea kushoto.

Kwa hiyo, kwenda sokoni beba kipande cha zamani. Kikombe kipya kiingie kwa vidole mizunguko miwili ya kwanza. Kikikataa, rudisha, usiite nyundo.